Orioni Juu ya Ziwa Letu: Kusikiliza Muziki wa Kaija Saariaho



Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani, Mirongo. Jioni moja niliketi nje ya mlango na spika ndogo ya mdogo wangu, nikisikiliza kipande cha muziki ambacho mwalimu wetu alikitaja darasani tulipokuwa tukijadili falsafa ya sanaa. Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, aliyekuwa anatoka sokoni Mlango Mmoja na mfuko wake wa nyanya, alisimama. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza:

"Frateri, hiyo filamu ni ya kutisha?"

Nikamwambia si filamu, mama, ni muziki wa okestra.

"Unahusu nini?"

Nikamweleza kwamba unamhusu Orioni, mwindaji katika hadithi za Wagiriki wa kale, mwana wa mungu wa bahari. Mama akanitazama kama mtu anayehesabu kimoyomoyo michango yote aliyotoa kwa ajili ya miito.

"Mungu wa bahari? Na wewe si ndiye tunayekuombea uwe padre?"

Sikuwa na jibu la maana siku ile. Nilicheka tu, naye akacheka, akaenda zake. Lakini swali lake ni la kweli, na ni la zamani kuliko sisi wote wawili. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na pia la kulipa deni jingine nitakalolieleza mbele.

Mtunzi na kazi yake

Kaija Saariaho alizaliwa Helsinki, Ufini, mwaka 1952. Alisomea utunzi kwao, kisha Ujerumani, na kuanzia mwaka 1982 alifanya makazi yake Paris, ambako alifariki Juni 2023. Alikuwa miongoni mwa watunzi wanaoheshimiwa sana wa kizazi chake. Mwaka 2016 opera yake *L'amour de loin* ilipoonyeshwa Metropolitan Opera ya New York, ilikuwa mara ya pili tu kwa jumba hilo kuonyesha opera iliyotungwa na mwanamke. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1903. Sisi wanafunzi wa falsafa tunaweza kumkaribia pia kwa njia nyingine: alitunga *La Passion de Simone*, kazi kubwa ya sauti na okestra kuhusu mwanafalsafa Simone Weil, akaipanga katika vituo kumi na vitano kwa mfano wa Njia ya Msalaba.

Kazi tunayoizungumzia inaitwa *Orion*. Aliitunga mwaka 2002 kwa ajili ya okestra ya Cleveland, Marekani, nayo ilipigwa kwa mara ya kwanza Januari 2003 ikiongozwa na Franz Welser-Möst. Inachukua kama dakika ishirini na tatu. Ina sehemu tatu: *Memento mori*, maneno ya Kilatini ya kumkumbusha mtu kwamba atakufa, *Winter Sky*, yaani anga la majira ya baridi, na *Hunter*, mwindaji. Hakuna anayeimba. Hakuna neno hata moja. Hadithi yote imebaki katika jina na katika sauti.

Orioni ni nani

Hadithi za Orioni ni nyingi na hazipatani, kama zilivyo hadithi za mababu popote. Nitachukua zile zinazotufaa.

Alikuwa jitu, mwindaji mzuri wa sura, na baba yake Poseidoni, mungu wa bahari, alimpa uwezo wa kutembea juu ya maji. Huko kisiwa cha Kio alimkosea mfalme Oinopioni kuhusu binti yake, na mfalme akamtoboa macho akiwa amelewa. Kipofu huyo akamchukua mtoto mmoja mabegani awe macho yake, akatembea kuelekea mashariki hadi jua linapochomoza, na mwanga wa jua ukamrudishia kuona. Baadaye alijigamba kwamba hakuna mnyama duniani atakayemshinda. Ardhi ikamtuma nge. Mwindaji wa simba akauawa na mdudu anayekaa chini ya jiwe.

Wengine wanasema ni Artemi, mungu wa kike wa uwindaji, aliyemuua. Katika simulizi moja Artemi alimpenda, na kaka yake Apolo hakupendezwa na hilo. Siku moja Orioni akiwa mbali baharini, kichwa tu kikionekana juu ya maji kama nukta nyeusi, Apolo alimwambia dada yake: huwezi kulenga nukta ile. Artemi akalenga, akapata. Mawimbi yalipouleta mwili ufukweni ndipo alipojua amempiga nani. Akamweka angani kati ya nyota. Nge naye yuko angani, upande wa pili kabisa: mmoja akichomoza mwingine anatua. Hilo mtu yeyote wa Mwanza anaweza kulithibitisha kwa macho yake. Jioni za Desemba Orioni anapanda mashariki na Nge haonekani. Jioni za Juni ni kinyume chake.

Hapa kwetu, karibu na Ikweta, Orioni hasimami wima anapochomoza. Analala ubavu. Zile nyota tatu za mkanda wake zinachomoza mashariki hasa, zinapita karibu na utosi wa anga, zinazama magharibi hasa. Katika nchi kadhaa za Wakristo nyota hizo tatu huitwa Wafalme Watatu, yaani Mamajusi. Mbele yake kwenye safari hiyo ya usiku kinatangulia Kilimia, ambacho Wagiriki walisema ni mabinti saba aliokuwa akiwakimbiza. Jina letu la Kiswahili ni la kilimo, na hapo tunakutana na mshairi Hesiodo, aliyewaambia wakulima wa Ugiriki watazame Kilimia ili wajue wakati wa kuvuna na wa kulima, na wamtazame Orioni ili wajue wakati wa kupura nafaka. Mkulima wa Magu na mkulima wa Ugiriki ya kale wangeelewana bila mkalimani.

Na kabla hatujamweka Orioni kwenye kapu la mambo ya kipagani, tufungue Biblia. Kilimia na Orioni wamo pamoja katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 9 na ya 38, na katika Nabii Amosi, sura ya 5. Mungu anapomhoji Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hazikani nyota hizo wala hamwambii asizitazame. Anamuuliza kama yeye Ayubu anaweza kuzifunga au kuzifungua.

Namna ya kusikiliza

Nakiri kwamba mara ya kwanza sikuelewa kitu. Mimi nimelelewa na kwaya: sauti nne, kinanda, kibwagizo unachokishika kabla ya ubeti wa pili. Hapa hakuna kibwagizo. Ukisubiri tuni ya kwenda nayo nyumbani utasubiri dakika zote ishirini na tatu. Nilichojifunza ni kuacha kutafuta wimbo na kusikiliza kama mtu anayetazama ziwa. Ziwani hakuna tuni. Kuna rangi, kuna upepo, kuna kitu kinachokuja polepole.

*Memento mori* inaanza chini sana, kwa mapigo madogo yanayojirudia kama bembelezo. Juu yake sauti zinaongezwa moja baada ya nyingine, na huoni hasa ni wakati gani zimekuwa nyingi. Unashtukia tu umezungukwa. Okestra ni kubwa: vinubi viwili, piano, ngoma na vyuma vya kila aina, na ndani yake kuna ogani. Ogani, ndugu zangu, chombo tunachokihusisha na Ekaristi na maziko, humu kinaunga mkono kifo cha jitu la Wagiriki. Wimbi linapofika kileleni unahisi kifuani kabla ya kusikia sikioni, hasa ukiwa na spika nzuri kuliko ya mdogo wangu.

*Winter Sky* ndiyo sehemu niipendayo. Inafunguliwa na filimbi ndogo kabisa ya okestra, pikolo, ikiimba peke yake juu, mbali na kila mtu. Kisha vyombo vingine vinapokezana kauli yake, fidla moja, klarineti, oboi, tarumbeta, kila kimoja kikitokea kama nyota inayoonekana baada ya macho kuzoea giza. Chini yao kila kitu kimesimama, au kinasogea polepole mno kiasi cha kuonekana kimesimama. Mtunzi mwenyewe aliipenda sehemu hii kiasi kwamba mwaka 2013 aliipanga upya kwa okestra ndogo na kuiita *Ciel d'hiver*. Jina linazungumzia baridi ya Ulaya ya kaskazini. Nasi tunapomwona Orioni jioni ni msimu wa mvua na joto, na kumbikumbi wanarukia taa. Haidhuru. Nimegundua kwamba kinachosikika humo si baridi bali umbali.

Hapa inafaa kumkumbuka Mtakatifu Agustino. Katika kitabu cha kumi na moja cha *Maungamo* anatafuta wakati ni nini, na mfano anaouchukua ni wa mtu anayeimba zaburi anayoijua kwa moyo: sehemu iliyokwisha kuimbwa imo katika kumbukumbu, sehemu iliyobaki imo katika matarajio, na roho imetandazwa kati ya hizo mbili. Katika *Winter Sky* hujui kitakachofuata, kwa hiyo matarajio yananyamaza, na roho inaachiwa sasa peke yake. Darasani niliisoma sura hiyo ya Agustino mara tatu ili nifaulu mtihani. Niliielewa nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya mlango.

*Hunter* ni mbio. Vyombo vinakimbizana, vinakatizana, vinapumua kidogo na kukimbia tena. Ni Orioni yule anayejigamba. Lakini mwishoni nguvu ile haimaliziki kwa kishindo kama tulivyozoea kwenye nyimbo zetu za kutokea kanisani. Inapungua, inakuwa nyembamba, inapandishwa juu hadi huna hakika kama bado unaisikia. Saariaho alivutwa na Orioni kwa sababu ana sura mbili: mtu mwenye damu asiyetulia, na kundinyota lisilosogea. Kazi yote imejengwa juu ya sura hizo mbili.

Je, Mkristo afanye nini na hadithi za namna hii?

Platoni katika *Jamhuri* aliwatoa washairi nje ya mji wake kwa sababu walisema uongo kuhusu miungu. Lakini kitabu hichohicho anakifunga kwa hadithi, ile ya Eri aliyerudi kutoka kwa wafu. Aristoteli alikuwa mpole zaidi: katika *Metafizikia* anasema kwamba mpenda hadithi za kale naye ni mwanafalsafa kwa namna fulani, kwa kuwa hadithi imejaa mambo ya kustaajabisha, na falsafa inaanzia kwenye kustaajabu.

Mababa wa Kanisa walilijua tatizo hili kuliko sisi, kwa sababu kwao hekalu la Poseidoni halikuwa picha kitabuni. Lilikuwa mtaa wa pili. Mtakatifu Basili aliwaandikia vijana kuhusu namna ya kusoma maandiko ya Wagiriki, akawapa mfano wa nyuki, ambaye haendi kila ua wala habebi ua zima. Klementi wa Aleksandria anaanza wito wake kwa Wagiriki kwa kuwataja waimbaji wao wa hadithi, Orfeo akiwemo, kisha anamtangaza Kristo kuwa Wimbo Mpya. Na katika makatakombe ya Roma Wakristo walimchora Orfeo mwenyewe na kinubi chake, akiwa amezungukwa na wanyama waliotulizwa, na aliyeitazama picha ile alijua wanayemmaanisha. Karibu na wakati wetu, Mtakatifu Yohane Paulo II alipoandika *Fides et Ratio* mwaka 1998, katika aya ya kwanza kabisa alitaja amri ya kujijua iliyochongwa katika hekalu la Delfi. Hekalu la Apolo, katika aya ya kwanza ya waraka wa Papa.

Kwa hiyo ningemjibu mama yule hivi: simwabudu Poseidoni, wala Saariaho hakumwabudu. Ninasikiliza namna watu waliokuwa bila Injili walivyotazama bahari na anga na kuuliza tunachouliza sisi: mwenye nguvu akifa anakwenda wapi? Jibu lao lilikuwa la kusikitisha. Katika *Odisea* Orioni yuko kuzimu, bado anawinda wanyama walewale aliowaua akiwa hai. Wengine walimweka angani, mzuri na asiyeweza kushuka. Na yeye aliyetembea juu ya maji kwa urithi wa baba yake hakumshika mkono mtu yeyote. Linganisha na usiku ule wa Galilaya, katika Mathayo 14: anayetembea juu ya maji anawafuata waliomo chomboni, na Petro anapozama anamshika. Sidhani ningeuona uzito wa mkono ule kama nisingemjua kwanza Orioni.

Deni

Sasa nifike nisipopapenda.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Walikuwa wakitoka nyakati za giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa. Alinionyesha nyota tatu nilipokuwa mdogo. Hakuzijua kwa jina la Orioni. Aliniambia tu kwamba Desemba zikianza kulala upande wa magharibi, ujue alfajiri haiko mbali na uanze kukusanya nyavu. Alizama nilipokuwa kidato cha sita. Mwili ulipatikana siku ya tatu. Familia nyingi za ukanda huu zina msiba wa ziwa. Ukiacha mitumbwi isiyoandikwa popote, tunao mnara wa kumbukumbu pale Igoma kwa ajili ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, na tunayo MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, iliyochukua zaidi ya watu 200.

Usiku wa pili wa msiba, mwili ukiwa bado haujaonekana, bibi alianza kusimulia. Alisimulia habari za Masala Kulangwa. Msukuma yeyote anaijua: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, mwerevu. Mtoto akauliza, mama, watu wetu wako wapi? Akaambiwa wamemezwa. Basi akawa anatoka kuwinda. Akiua panzi anauliza, mama, huyu ndiye? Akiua ndege anauliza, huyu ndiye? Hadi siku alipolikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, na watu wote wakatoka wakiwa hai. Ndugu zetu wa pwani wana Nunda wao, mla watu, anayefanana naye.

Bibi alikuwa anasimulia akitazama upande wa ziwa. Mimi nilikuwa kijana wa seminari, nimevaa rozari shingoni, na watu walikuwa wananitazama. Nikamwambia, mbele ya watu: "Bibi, huu si wakati wa hadithi za kipagani. Tusali." Akanyamaza. Tukasali rozari. Hakuisimulia tena hadithi ile nyumbani kwetu.

Miaka sita baadaye nimekaa nje ya mlango uleule, namtetea Orioni kwa Basili, kwa Klementi na kwa waraka wa Papa.

Jambo hili limenisumbua kuliko mtihani wowote. Kwa nini mwindaji wa Wagiriki, aliyemkosea binti wa mwenyeji wake na kufa kwa majigambo, anastahili somo zima, na mwindaji wa Wasukuma, aliyeua ili waliomezwa watoke, nilimwita upagani? Maana ukiwaweka sawa, Masala Kulangwa ndiye aliye karibu zaidi na Jumamosi Kuu. Nasi si wa kwanza kuliona hilo. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, Wamaryknoll waliofanya utume Usukumani, wameeleza katika kitabu chao cha mwaka 1996 namna hadithi hii inavyotumika kumfundisha Kristo. Pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alisimamisha makumbusho ya Wasukuma na kanisa la mviringo lenye alama za utemi, na ngoma za Bulabo zinakwenda pamoja na sherehe ya Ekaristi. Nimefika Bujora mara mbili kwa safari za shule. Niliona ngoma. Sikuona nilichopaswa kuona.

Yuko pia Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alisoma seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, kisha akarudi kisiwani na kuandika kwa Kikerewe maisha ya watu wake, Myombekere na Bugonoka. Alimaliza mswada mwaka 1945 na kukaa nao miaka mingi bila mchapishaji, hadi tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilipotolewa zaidi ya miaka thelathini baadaye. Elimu ya seminari haikumfanya awanyamazishe wazee wake. Ilimpa kalamu ya kuwaandika.

Katika muziki mkubwa pia njia imeshafunguliwa, japo si kwetu Mwanza. Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyosikika Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza, Mganda pia, alitunga *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, yaani katika njia ya msalaba, kwa ajili ya vyombo vinne vya nyuzi, nayo ilirekodiwa na Kronos Quartet wa Marekani katika albamu yao ya mwaka 1992. Hawa walichukua mapigo ya kwao, wakayapeleka kwenye fidla bila kuomba radhi. Napenda kufikiri kwamba yupo mwalimu wa kwaya, Magu au Sengerema, atakayempa Shing'weng'we ogani na ngoma za Bujora. Mimi siwezi, ninaimba besi, tena nikiwa na jirani anayeijua.

Kabla likizo haijaisha nilikwenda kwa bibi na spika. Sikumweleza habari za Wagiriki. Nilimwomba tu asikilize, nikaweka *Winter Sky*. Aliendelea kuchambua mchele. Pikolo ilipopokewa na fidla aliacha mikono yake juu ya ungo. Ilipokwisha akasema, "Hapo ni ziwani usiku, kabla upepo haujaja." Kisha akauliza kama kuna nyingine.

Nikamwambia, bibi, nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya usiku ule wa msiba wa mjomba. Nakuomba unisimulie Masala Kulangwa hadi mwisho.

Hakunijibu moja kwa moja. Aliuliza kama nimekula. Baada ya chakula akaanza, kwa Kisukuma, polepole, tangu mwanamke aliyejificha. Panzi, ndege, swala, kila mara mama akikataa, si huyo, mwanangu. Zimwi likauawa. Alipofika pale Masala Kulangwa anapopasua tumbo, ikaja sehemu niliyokuwa nimeisahau kabisa: kisu kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Akatoka akiwa hai, damu inamtiririka, amekasirika, anamlaumu aliyemwokoa. Na Masala Kulangwa hakumjibu kwa hasira. Alimwomba msamaha na kumtafutia dawa.

"Sehemu hii ya sikio," bibi akasema, "ndiyo niliyotaka mama yako aisikie usiku ule."

Mama alikuwa jikoni. Bibi akamwita, akaanza upya.